Chakula cha Mwanasesere Kisifanane Mno na Chakula

Walimu, wazazi na wanafunzi mliofika jioni hii, ninayo hoja moja tu ya kuwaletea, nayo inahusu chakula kisicholika. Katika madarasa ya awali na katika nyumba nyingi za mijini imeenea desturi ya kutengeneza chakula cha wanasesere kwa vitu vilivyokwisha kutumika. Trei ya mayai inageuka ugali, katoni ya sabuni inageuka chapati, sponji la godoro chakavu linageuka maandazi, kifuniko chekundu cha chupa kinageuka nyanya. Wanaoisifu desturi hii hutaja sababu mbili, kwamba haina gharama na kwamba inapunguza taka. Sababu hizo ni za kweli, ila hazitoshi kuibeba. Matunda na sufuria za plastiki za kuchezea siku hizi ziko kila mtaa, na mzazi anayetetea chapati ya katoni kwa unafuu wake tu atanyamazishwa na machinga wa kwanza atakayepita na furushi lake. Kuhusu taka, trei mbili tatu zilizookolewa jikoni hazilipunguzi jaa la Dandora jijini Nairobi wala la Pugu jijini Dar es Salaam. Ninachokuja kukitetea ni kingine kabisa: chakula cha namna hii ni bora kwa sababu hakifanani sana na chakula. Huko kutofanana, ambako watu wazima tunakuona kasoro ya kufichwa kwa rangi na gundi, ndiko kunakomtaka mtoto afikiri. Nasi tukikuondoa kwa ustadi wetu, tunamwondolea mtoto kazi iliyokuwa yake.

Tuanze na kazi yenyewe. Mwaka 1933 mwanasaikolojia wa Kisovieti Lev Vygotsky alitoa mhadhara kuhusu mchezo wa watoto, uliokuja kuchapishwa mwaka 1966, zaidi ya miaka 30 baada ya kifo chake. Alieleza kwamba mtoto mdogo sana anatawaliwa na kitu kilicho mbele yake: mlango unamwita aufungue, ngazi inamwita aipande, kengele inamwita aitikise. Anachokiona ndicho kinachomwamrisha. Mtoto anapofika umri wa kuigiza, amri hiyo inavunjika. Anachukua fimbo, anaipanda, anasema ni farasi, na kuanzia hapo mwendo wake unaongozwa na farasi aliye akilini badala ya fimbo iliyo mkononi. Vygotsky aliona hapo mwanzo wa kutenganisha maana ya kitu na kitu chenyewe, hatua ambayo baadaye humwezesha mtoto kusoma, maana herufi nayo ni alama isiyofanana na sauti inayoiwakilisha. Lakini alitia sharti ambalo wengi wanaomnukuu hulisahau. Si kila kitu kinaweza kuwa farasi. Kwa mtoto, fimbo inaweza, postikadi haiwezi, kwa sababu postikadi haipandiki. Kitu cha kuigizia kinaweza kutofautiana kwa sura na kile kinachoigizwa, ila ni lazima kikubali tendo lake.

Sharti hilo ndilo ninalolichukua kuwa kipimo cha chakula cha mwanasesere. Ugali wa kuigiza hauhitaji kuwa mweupe wala kung'aa, unahitaji kumegeka. Chapati haihitaji madoa ya kahawia yaliyochorwa kwa brashi, inahitaji kukunjika na kuchanika, kwa sababu chapati huliwa kwa kuchanwa. Andazi linahitaji kubonyea na kurudi. Tambi zinahitaji kuning'inia na kuteleza. Ukitazama seti za plastiki zinazouzwa madukani, utaona kwamba nyingi zimechagua kinyume chake: sura imepatikana kwa ukamilifu, tendo limekufa. Yai la kukaanga la plastiki limefanana na yai hata kwenye mng'ao wa kiini, lakini ni gumu, halichotwi, na halikuwahi kuwa bichi. Mtoto hawezi kulipika kwa sababu limekuja limeshapikwa kiwandani. Kinachobaki kwake ni kulihamisha kutoka kikaangoni kwenda sahanini na kulirudisha.

Tazameni sasa chapati ya katoni kwa karibu. Katoni ya bidhaa ina karatasi mbili laini, na katikati yake kuna karatasi ya mawimbi. Mtoto wa miaka minne akiikata duara na kujaribu kuikunja, inakataa, inavunjika kwenye mstari. Hapo ana tatizo la kweli mbele yake. Akiilowesha kidogo, ile karatasi ya juu inabanduka, na anagundua kwamba amepata vitu viwili: ganda jembamba linalokunjika, ambalo ndilo chapati, na mawimbi yaliyobaki, ambayo mwingine atayaita tambi na mwingine bati la paa la nyumba ya mwanasesere. Ganda lenye unyevu linaweza kusukumwa kwa chupa, na likikauka juani linajikunja kingo, nalo linajikunja zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Hakuna mtu mzima aliyepanga somo hilo.

Trei ya mayai ina tabia nyingine. Kwa kuwa imetengenezwa kwa karatasi iliyosagwa, yenye nyuzi fupi, vipande vyake vikilala majini usiku mmoja asubuhi huwa rojo. Rojo likikamuliwa na kukandwa kwa uji mzito wa unga linafinyangwa kama udongo wa mfinyanzi. Bonge lililotoka mkononi likiwa kubwa linanywea likikauka, na likiwa nene mno linabaki na unyevu ndani, likaota ukungu. Ndiyo maana mafundi wa kazi hii hutengeneza vipande vyembamba na kuvigeuzageuza juani kwa siku kadhaa. Anayetaka tonge linalomegeka hulihifadhi rojo bichi kwa mchezo wa siku hiyo na kulitupa jioni, maana gundi ya unga huita mende. Rangi, kama mtoto anaitaka, inapatikana hapo hapo jikoni: manjano kwa mchuzi na kiini cha yai, mkaa uliosagwa kwa kilichoungua. Kitambaa cha kijani kilichobaki kwa fundi cherehani ni mchicha au sukuma wiki isiyo na mfano, kwa kuwa kinakatwa kwa mkasi kama mboga inavyokatwa kwa kisu, na kadiri kinavyokatwa ndivyo kinavyozidi kuwa mboga.

Hakuna jipya kwa watu wa Afrika Mashariki katika haya. Watoto wa Tanzania wanaojipikilisha na wenzao wa Kenya wanaocheza kalongolongo wamekuwa wakifanya hivi bila kufundishwa na mwalimu: mawe matatu madogo ni mafiga, kifuu cha nazi au kopo la Blue Band ni sufuria, mchanga ni wali, majani yoyote ni mboga, udongo uliolowa ni ugali, na gunzi la mahindi lililofungwa kwa kipande cha kanga ni mtoto anayesubiri kulishwa. Mtafiti Mbelgiji Jean-Pierre Rossie, aliyechunguza vitu vya kuchezea vya Afrika Kaskazini na Sahara kwa miongo mingi, ameonyesha kwamba huko nako watoto wenyewe ndio hutengeneza wanasesere na vyombo vyao kwa matete, mifupa, udongo na matambara. Kilichobadilika kwetu ni makazi. Ua limejengewa au limetandikwa matofali ya saruji, mtoto anakulia chumba cha ghorofa ya nne, na udongo wa kuchezea haupo. Taka safi za jikoni ndizo zilizochukua nafasi ya udongo, na malighafi hiyo nayo hubadilika pamoja na sheria zetu. Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na Tanzania Bara ikafuata Juni 2019, mazingira yalinufaika, nayo mipira ya mitaani iliyosokotwa kwa mifuko ya nailoni ilipoteza malighafi yake. Katoni, trei, vitambaa na vifuniko vimebaki.

Zipo pingamizi, na ya kwanza inatoka kwa wanasayansi wenyewe. Mwaka 1975 Greta Fein, mtafiti wa Marekani, aliwapa watoto wa takriban miaka miwili mchezo wa kumnywesha farasi wa kuchezea. Farasi alipofanana na farasi na kikombe kilipokuwa kikombe, karibu watoto wote waliweza. Vyote viwili vilipobadilishwa kwa vitu visivyofanana, ni kama theluthi moja tu walioweza. Mtetezi wa seti za dukani anaweza kusimama hapa na kusema: mnaona, mtoto anahitaji kitu kinachofanana. Ninaukubali ushahidi huo wote, na ninauomba usomwe hadi mwisho. Unazungumzia watoto wa miaka miwili. Pia unaonyesha kwamba kilichowashinda ni vitu viwili kubadilishwa kwa pamoja, maana kilipobadilishwa kimoja tu, wengi wao waliendelea kucheza. Kwa hiyo mtoto wa umri huo apewe mwiko wa kweli, bakuli la kweli na chakula cha kuwaziwa. Baadaye bakuli nalo linaweza kuwa kifuniko cha kopo. Kufanana ni mkono wa kumshika mtoto anapoanza, na hauna sababu ya kuendelea kumshika akiwa na miaka mitano.

Upo pia ushahidi unaoelekea upande wa pili. Judy DeLoache, Mmarekani mwingine, alianza miaka ya 1980 kuchunguza jinsi watoto wanavyoelewa kwamba kitu kimoja kinaweza kusimama badala ya kingine. Aliwaonyesha watoto chumba kidogo cha mfano, akaficha humo kisesere kidogo, kisha akawaomba watafute kisesere kikubwa mahali pale pale katika chumba halisi. Wa miaka mitatu waliweza, wa miaka miwili na nusu walishindwa. Ajabu ni kwamba watoto wa miaka mitatu waliporuhusiwa kwanza kukichezea kile chumba kidogo walifanya vibaya zaidi, na wadogo walipoonyeshwa chumba hicho kikiwa nyuma ya kioo, wasiweze kukigusa, walifanya vizuri zaidi. Kadiri kitu kinavyovutia chenyewe, ndivyo inavyokuwa vigumu kwa mtoto mdogo kukiona kuwa alama ya kitu kingine. Jaribio hilo halikuhusu chakula cha wanasesere, nami silivutii huko kwa nguvu. Lakini linanipa sababu ya kushuku keki ya plastiki yenye cheri tatu zinazometameta. Uzuri wake unaweza kuwa ndio unaomfanya mtoto aishike na kuitazama, mchezo usianze.

Lipo pia suala la lengo. Japani ina ufundi mkubwa wa chakula bandia cha kuwekwa kwenye madirisha ya migahawa; Takizo Iwasaki aliufanya kuwa biashara mjini Osaka mwaka 1932, na hadi leo bakuli za tambi na vipande vya samaki vinatengenezwa kwa ustadi wa kumdanganya mpita njia. Ule ni ufundi wa heshima, na lengo lake ni jicho la mteja, ambaye hatakiwi kuongeza chochote ila njaa yake. Mtoto hakuja mezani kama mteja. Mwandishi Beatrix Potter alilijua hilo mwaka 1904 alipoandika hadithi ya panya wawili wanaovamia nyumba ya wanasesere, wakakuta meza imejaa nyama na samaki wa plasta waliogandishwa kwenye sahani. Chakula kinakataa kukatwa, nao wanakivunjavunja kwa hasira. Anayenunua chakula cha namna hiyo kwa ajili ya mwanawe asishangae kukikuta chini ya kitanda baada ya wiki.

Pingamizi ya pili naiona nzito kuliko ya kwanza, maana inatoka kwa mwalimu ninayemheshimu. Maria Montessori alifungua nyumba yake ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, Januari 1907, na akaona kwamba watoto waliopewa nafasi ya kuchagua waliacha vitu vya kuchezea wakaenda kwenye kazi za kweli: kufagia, kumimina maji, kutayarisha meza. Wafuasi wake wanauliza kwa haki: kwa nini umpe mtoto ugali wa karatasi ilhali anaweza kukaa na bibi yake akachambua mchele? Kwa familia nyingi zetu swali hilo lina uzito wa pekee, kwa kuwa watoto wetu hushirikishwa jikoni mapema, na hilo ni jema. Simwambii mzazi yeyote amwondoe mtoto kwenye ungo ampeleke kwenye katoni. Ninachosema ni kwamba hoja ya Montessori inakigusa chakula cha kununuliwa na haikigusi cha kutengenezwa. Kukata, kulowesha, kukamua, kukanda, kuanika na kugeuza ni kazi za kweli, zenye matokeo yanayoonekana na makosa yanayojionyesha. Mtoto anayetengeneza andazi la mwanasesere anafanya kazi halisi kwanza na kuigiza baadaye. Tena jikoni kwa mkubwa kuna moto, kuna kisu, na kuna chakula kisichoruhusiwa kuharibika. Katika nyumba zetu kuchezea unga au maharage ni kosa, na ni sawa liwe kosa. Karatasi iliyolowa inaweza kuharibiwa mara kumi bila mtu kukosa chakula cha jioni.

Kuhusu usalama, wapo wanaodhani kwamba kitu cha dukani ni salama na cha nyumbani ni cha kubahatisha. Hatari iliyo kubwa kuliko zote katika chakula cha kuigiza ni kuliwa, na hatari hiyo huongezeka kadiri kinavyofanana na chakula. Jumuiya ya Ulaya ililitambua hilo Juni 1987 ilipopitisha agizo la kupiga marufuku bidhaa zisizo chakula ambazo kwa umbo, rangi au harufu zinaweza kudhaniwa kuwa chakula na kumdhuru mtu, hasa mtoto. Kipande cha katoni hakimdanganyi mtoto. Pipi ya plastiki inaweza kumdanganya. Hata hivyo vitu vya nyumbani vina masharti yake, na hapa naomba uangalifu wa kweli. Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, vipimo vya kimataifa hukataa kitu chochote kinachotumbukia katika silinda yenye kipenyo cha milimita 31.7, kwa kuwa kinaweza kumkaba. Nyumbani, kibomba cha ndani cha karatasi ya chooni, chenye upana unaozidi huo kidogo, ni kipimo kizuri: kinachopita humo mtoto huyo asipewe. Kifuniko cha chupa ya maji kinapita, kwa hiyo nyanya hiyo ni ya kaka yake mkubwa. Pakiti na chupa za dawa, vyombo vya viuatilifu na mafuta ya taa, bati lenye makali na betri ndogo za duara visiingie kabisa katika sanduku la mchezo, hata vikioshwa.

Liko pia jambo la aibu. Mzazi anaogopa kuonekana amempa mwanawe takataka, na hofu hiyo haistahili kubezwa na mtu anayeweza kununua atakacho. Jibu langu ni kwamba vitu hivi viwekwe kwa heshima: vioshwe, vikaushwe, vipangwe kwenye sanduku lenye mfuniko, na jalala libaki jalala. Wavulana nao wasifukuzwe kwa aibu kwenye mafiga. Hakuna anayemcheka mvulana aliyeunda gari kwa kopo na vifuniko, na chipsi tunazokula mitaani Dar es Salaam mara nyingi zinakaangwa na wanaume. Hiyo ndiyo hali yetu, na mchezo usijifanye hauijui.

Nimalizie na shule, kwa sababu huko ndiko hoja hii inakofaulu au kufa. Walimu wetu wana utamaduni mrefu wa kufaragua zana. Mpango wa elimu ya awali wa madrasa ulioanzia Mombasa miaka ya 1980, mwalimu Swafiya Said akiwa miongoni mwa waasisi wake, kisha ukaenea Zanzibar na Uganda, ulijengwa juu ya zana za gharama ndogo zinazopatikana karibu na shule. Utamaduni huo sasa unapotoshwa kwa namna moja. Tangu Kenya ianze mtaala wa umilisi, wazazi wengi wamelalamika kwamba kazi za mikono wanazopewa watoto huishia mikononi mwa wakubwa usiku, na asubuhi darasani hushindana kazi za wazazi. Mama anapaka rangi ndizi ya karatasi hadi inafanana na ndizi, mwalimu anaisifu, na mtoto aliyeleta bonge la kijivu alilofinyanga mwenyewe anajifunza kulionea haya. Walimu, ninawaomba mliache jambo hilo kuanzia muhula ujao. Mtoto atakapoleta kitu chake, msiulize kinafanana na nini. Mwombeni awapikie, mkae mle, na maksi zitolewe kwa kile alichokifanya mbele yenu. Wazazi nanyi, mkishaloweka trei na kukagua makali, ondokeni mezani.